Kompyuta Zilizoinamisha Vichwa

Kwa Koko, nyanya yangu, Kitengela

Koko, baridi ya huku ng'ambo inauma masikio. Leo asubuhi nilimwinamia kichwa mzee anayesimamia kazi yangu, nikingoja aniguse utosini kunisalimu, vile wewe hunigusa. Akainama pia, akidhani nimeangusha kitu. Tukabaki hivyo.

Hapo ndipo nilielewa kwa nini programu yangu imekwama. Jedwali kubwa la namba tumelikata vipande, kama mawe ya machimbo ya hapo kwetu, kila kompyuta ikapewa chake. Sasa kila moja imeinama ikingoja nyingine ianze. Nimeiagiza moja itangulie, lakini naogopa kuiwasha programu. Ikikwama tena kesho mbele ya wakubwa, nafasi yangu atapewa mwingine.

Bado nimeinama, Koko. Nyoosha mkono.

Mjukuu wako,
Naserian