Matuta ya Juni

Alhamisi jioni, Sumbawanga. Upepo haujatulia tangu asubuhi. Nimekunywa chai vikombe viwili na vidole bado vina baridi. Sijui kama ni baridi au ni woga.

Mama hajajua bado.

Tangu nimalize kidato cha sita nina kibarua kwenye mradi wa kuchora ramani ya nchi nzima: wapi kuna msitu, wapi vichaka, wapi nyasi, wapi mashamba. Setilaiti inapiga picha, sisi tunakaa kwenye kompyuta, tunaangalia nukta moja moja na kusema pale pamefunikwa na nini. Kazi inanifaa kwa sababu haitaki maneno. Naweza kusema shikamoo asubuhi na kwaheri jioni, basi.

Ila kuna nukta ambazo picha haitoshi. Hizo lazima tuzifuate kwa miguu. Ya leo ilikuwa upande wa Mpui, kijijini kwa baba mdogo. Ndiye aliyenilea, pamoja na mama, baba alipofariki.

Nukta yenyewe iko kwenye eneo la familia yetu, ambalo limepumzishwa tangu nikiwa shule ya msingi. Nyasi zilifika kiunoni. Familia ya Mzee Masunga, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, wanachungia pale, na baba mdogo ameshagombana nao mpaka kwa mtendaji. Sasa kijiji kizima kinaamini ramani yetu ndiyo itakayoamua. Dada Rehema, kiongozi wetu, aliwaeleza kwamba ramani inaonyesha kilichofunika ardhi, haisemi ardhi ni ya nani. Watu waliitikia kwa adabu.

Hakuna aliyemwamini. Hata mimi siamini sana. Ramani ikishachapishwa, kila mtu ataisoma anavyotaka.

Tulipofika, nyasi hazikuwepo. Kipande kizima kilikuwa na matuta ya mviringo, yale yetu sisi Wafipa, yamepangwa vizuri kabisa. Baba mdogo alikuwa katikati, ameegemea jembe, shati limelowa jasho kwenye baridi ile.



Matuta yale huinuliwa mvua zikielekea kuisha, nyasi zikiwa bado mbichi, ili zioze ndani ya udongo. Juu tunapanda maharage, na msimu unaofuata tunatawanya matuta tupande ulezi. Mwezi huu udongo ni mgumu kama tofali. Hakuna anayeinua matuta Juni. Nyasi zilizochungulia kwenye yale ya baba mdogo zilikuwa kavu, zinapeperuka.

Mzee Masunga alikuwa amefika na fimbo yake mabegani. Akacheka. "Hee, jirani! Siku hizi maharage mnapanda kiangazi?"

"Wewe chunga ng'ombe wako wasije wakala na jembe langu," baba mdogo akamjibu.

Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka.

Kishikwambi nilikuwa nacho mimi. Dada Rehema aliokota bonge la udongo lililopinduliwa juzijuzi, akalitazama, akalirudisha chini. Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mwenyeji. Tunajaza nini hapa?"

Baba mdogo akanisogelea. Alisema kwa Kifipa, taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akinibembelezea nikiumwa. Mwanangu, andika shamba. Baba yako alilima hapa.

Na ni kweli. Alilima. Nakumbuka nikiwa nimebebwa mgongoni, ulezi umeiva pande zote.

Darasani kila mara alikuwepo mtu mwingine wa kujibu. Nilimsubiri huyo mtu leo. Hakutokea.

Nikajaza: nyasi, maana ndizo zilizofunika pale mpaka matuta yalipoinuliwa. Halafu kwenye sehemu ya maelezo nikaandika kwamba ni shamba la zamani la familia, limepumzishwa, na matuta yameinuliwa wiki hii.

Utaratibu wetu ni kusoma kwa sauti kilichojazwa, wenye kijiji wasikie. Nilisoma. Sauti ilitetemeka mpaka nikarudia. Niliposema shamba la zamani la familia, Mzee Masunga aliteremsha fimbo yake. Niliposema matuta yameinuliwa wiki hii, baba mdogo aliangalia mikono yake. Ilikuwa imechubuka.

Hakuna aliyefurahi. Baba mdogo akabeba jembe, akaondoka bila kuniaga.

Njiani kurudi Dada Rehema hakunisifu wala hakunilaumu. Nilishukuru.

Najiuliza: ningeweza kuishia kwenye shamba la zamani, nikaacha hilo la wiki hii? Hakuna ambaye angeniuliza. Lakini wote pale walikuwa wanajua, na mimi nilikuwa najua. Ningeandika nusu, nusu iliyobaki ningekwenda nayo wapi?

Bado naona ile mikono.

Sasa hivi mama ameingia chumbani akitabasamu. Baba mdogo amepiga simu, yuko njiani anakuja kwetu. Mama ameongeza unga kwenye sufuria. "Amesema ana maneno na wewe," akaniambia. "Maneno gani hayo? Umepata mchumba?"

Nimecheka kidogo, akatoka.

Nikikaa humu chumbani, atafika, ataongea yeye, na mimi nitainamisha kichwa kama siku zote. Mama atasikia upande mmoja tu. Sitaki. Leo nimesoma mbele ya kijiji kizima, sauti ikatetemeka na bado ikatoka.

Naweka chini simu ninayoandikia haya. Naenda jikoni kumwambia mama mwenyewe, kabla ugali haujaiva.