Darubini Dirishani Kilburn

Mpendwa Zarina,

Salamu kutoka Kilburn. Mama yako mzima, dukani hapumziki. Mimi siponi, usidanganywe.

Umeniuliza nani alivumbua darubini. Vitabu humtaja fundi wa miwani wa Uholanzi aliyeomba ruhusa ya kuitengeneza peke yake, akakataliwa kwa kuwa wengine nao walidai wanaijua. Nawaamini wote. Mimi nami niliipata bila kufundishwa, mwaka niliotangulia kuhama Mombasa, nilipokuwa fundi wa miwani hapa ughaibuni.

Nyanya yako alikuwa njiani, siku ya kufika haijulikani, na sikuweza kutulia. Nilisimama dirishani, lenzi ya kusomea ya wazee nimeinyoosha mbele, ya asiyeona mbali nimeiweka jichoni, nikitazama kituo cha basi. Suleimani, Mpemba niliyeishi naye, alinicheka: "Bwana wee, mke havutwi kwa vioo!"

Jumamosi moja nyanya yako akashuka basini. Alijibanza nyuma ya kituo, akalia sana, akajifuta uso kwa mtandio, akajaribu kutabasamu, kisha akavuka barabara.

"Safari ilikuwaje?" nilimuuliza mlangoni.

"Njema tu."

"Karibu, chai tayari."

Alikufa bila kujua kwamba niliona. Nami naondoka karibuni, na bado sijui kama siku ile nilimsitiri au nilimwacha peke yake. Ukiwa na jibu, usingoje likizo. Nipigie siku utakayosoma haya.

Babu yako