Konokono wa sebuleni kwa Stanley

Shoga upo? Nimetoka kwa shangazi Tunu sasa hivi, sikia alichoniambia.

Mwaka 93 shangazi alikuwa hausigeli Tegeta, kwa bosi mmoja anaitwa Stanley. Sebuleni palikuwa na tangi la kioo la samaki wa baharini. Siku moja akaonekana humo konokono asiyejulikana, amekuja na mawe ya pwani, gamba lina madoa mazuri kweli.

Mchana huo Stanley alikuwa amemzaba shangazi kofi kwa ajili ya wali ulioungua. Mbele ya wageni. MBELE YA WAGENI.

Halafu akamwita: "We mtoto wa mvuvi, huyu konokono gani?"

Shangazi alimtambua palepale. Baba yake aliwakatazaga hata kumgusa, ana mwiba wa sumu. Akajibu, "Wa kawaida tu, bosi. Mshike."

Shoga, ALIMWAMBIA AMSHIKE.

Stanley akamtoa, akamweka kiganjani awaonyeshe wageni. Mkono ukafa ganzi, midomo ikafuata, na kabla hawajafika hospitali akakata roho.

Nikamuuliza shangazi kama anajuta. Akasema, "Niliwahurumia samaki. Wale hawakupata wa kuwalisha."