Mama Mkwe Anasema Kipato Chetu ni Njaa

Mshauri wetu wa redio, salamu kutoka Goesan, huku mashambani. Naandika nimembeba mwanangu Sol mgongoni na keki zangu za mchele ziko kwenye mvuke, kwa hiyo unisamehe mwandiko, lakini nisipoandika leo nitapasuka kwa hasira.

Tulikuwa tunaishi Seoul, Baba Sol yuko kampuni kubwa, anatoka mtoto amelala anarudi mtoto amelala, hadi Jumapili moja alipomnyanyua Sol, mtoto akalia kama kashikwa na mgeni, mume wangu akakaa chini pale jikoni akasema, "Mama Sol, hii pesa namtafutia nani?" Basi tukajiuliza tunataka kuishi vipi, tukaona tunataka kula jioni wote watatu, bustani ndogo, na mimi niuze keki zangu, tukapiga hesabu ya kodi, mchele, nepi na petroli ya gari letu kuukuu, ikaja won milioni mbili kwa mwezi, tukahama. Sasa yeye anafanya siku nne kwa wiki ghala la ushirika, anapanga kabichi, mimi niko sokoni, milioni mbili tunazipata, na mtoto akisikia gari la baba yake anapiga makofi.

Sasa sikia. Juzi Sol ametimiza mwaka, tukamwandalia meza yake kama desturi, uzi wa maisha marefu, kalamu, noti, watu waone atashika nini maana ndiyo maisha yake ya mbele, na mimi nikaongeza mwiko wangu wa mbao. Mwanangu akaupita uzi, akazipita noti, akaenda moja kwa moja kwenye mwiko, akaunyanyua juu, wageni wakashangilia. Mama mkwe akampokonya! Mbele za watu!

"Nani kaweka takataka hii? Haihesabiki. Aanze upya."

Akamsogezea noti. Sol akaitia mdomoni, akaitema, akaanza kuulilia mwiko. Shemeji akacheka, "Mama, kumbe pesa yenyewe haina ladha!" Mama mkwe hakucheka. Akamvisha mtoto pete ya dhahabu, akanitazama. "Itunze, Mama Sol. Mtaiuza mkikosa mchele." Kisha akatangaza kwamba mjomba amempatia Baba Sol kazi Seoul, milioni tano, jibu Jumatatu. "Nimemsomesha mpaka macho yake yakahitaji miwani, leo anabembeleza kabichi!"

Baba Sol akainamisha kichwa. Tangu siku hiyo nikimuuliza anasema tu, "Tutaona." Tutaona nini? Mimi sikusoma sana, sijui kubishana na watu wa milioni tano, lakini najua nyumba yangu ina raha. Je, mjinga ni mimi? Jumamosi nitakuwa karibu na redio, na bado nina tumaini.

Mama Sol

JIBU

Mama Sol, mjinga si wewe. Kumpokonya mtoto mwiko siku yake ni ukorofi, hata kama aliyefanya ni bibi. Nimesoma hapo damu ikanichemka. Nyinyi mlijua kwanza mnataka kuishi vipi, ndipo mkauliza pesa ngapi. Wengi wanaowacheka hawajawahi kujiuliza.

Lakini usianze kutabasamu. Kodi, mchele, nepi, petroli. Haya, mafuta ya kupasha nyumba joto yako wapi? Na baridi ya Goesan, Januari! Bahasha za pesa za harusi na misiba je? Au wewe unakwenda msibani mikono mitupu? Na Sol akipata homa? Mmehesabu maisha ya mwezi wa Mei, binti yangu, mkasahau kuna Desemba. Nadhani kimya cha mumeo kinatoka hapo: mama yake alitaja mchele, yeye akawaza mafuta.

Kaeni leo hii. Hesabuni mwaka mzima, na baridi yake na wafiwa wake, mgawanye kwa miezi kumi na miwili. Pengo likiwa laki tatu, tafuteni laki tatu. Wewe ongeza siku ya soko, yeye aongeze siku ya tano msimu wa kabichi. Pengo la laki tatu huendi kuliziba kwa kumuuza baba mzima! Na hizo milioni tano, toeni kodi ya Seoul na mshahara wa yaya, mwone kinachobaki.

Jumatatu simu apige Baba Sol. Mama ni wake na ulimi anao. Amshukuru mjomba, aseme hapana, asiongeze hadithi. Ukiipiga wewe, utaitwa mwizi wa mtoto wa watu mpaka uzeeni.

Pete usiiuze, na usiirudishe kwa hasira. Mwalike mama mkwe chakula cha jioni siku ya kazi, saa ambayo mwanawe angekuwa bado ofisini Seoul. Mvishe Sol pete yake, mpe na mwiko wake. Usimhubirie bibi hata neno moja. Mkalishe karibu na dirisha, wewe endelea kupika, gari liingie uani, na mtoto apige makofi.