Kilima cha Shemeji

Jumapili, 6 Julai

Baada ya Alfajiri nimepanda kilima cha nyuma ya Nzuguni na birika, jiko dogo la gesi na kipimajoto changu. Upepo mkali. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyowahi kuchemka, na hapo ndipo unapojua uko juu kiasi gani. Yamechemka vizuri. Nimekunywa chai peke yangu nikitazama mji. Alhamdulillahi. Hiki ndicho kilevi changu, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 12 Julai

Harusi ya mpwa wa mume wangu, Idi. Nimerudi na hasira, hata viatu sijavua. Shabani, mdogo wake Idi, yule yule aliyenifundisha kupima vilima, leo kanivua nguo mbele ya ukoo. Nilisema tu kwamba pito la kwetu Kondoa, pale barabara inapokatiza kati ya vilima, liko juu kuliko kilima chake cha Mlali. Akadakia: "Jamani, shemeji anapika namba kama anavyopika ubwabwa! Zisipoiva, anaongeza moto."

Ukumbi mzima ukacheka. Mume wangu naye kacheka.

Pito lile nililipima kwa haki. Wallahi.

Jumanne, 15 Julai

Nimemwambia mkwe wangu kwamba mtoto wake ana homa. Akanijibu, "Kweli mama, au umepika?" Mimi ndiye wanayemwita wanawake wa mtaa wakigombana, kwa sababu neno langu ni moja. Sasa neno langu limekuwa kichekesho.

Nataka Shabani aonje. Nimeomba dua mbaya. Sijutii.

Ijumaa, 18 Julai

Idi kaamua: Jumapili twende sote watatu Mlali tukapime kilima cha Shabani, birika moja, tuone kwa macho. Kule pitoni kwangu maji yalichemka kwa nyuzi tisini na nne na nusu. Shabani anadai kilimani kwake yanachemka kwa tisini na nne. Yakichelewa kuliko yangu, yaani yakizidi nyuzi zangu, mimi ndiye mshindi.

"Maji ubebe wewe shemeji, usije ukasema nimekuroga." Shabani kanambia hivyo kwenye simu, anacheka.

Sawa. Nitabeba.

Mwaka juzi nilichemsha maji kilimani kwenye sufuria iliyobaki na chumvi. Yakachelewa kuchemka, kilima kikaonekana kifupi. Shabani alinicheka sana siku ile.

Jumapili, 20 Julai

Nimetia. Konzi nzima ya chumvi kwenye kidumu cha lita moja, kabla ya Alfajiri. Kisha nikaswali. Kwa mikono hii hii.

Kule juu Idi ndiye aliyeshika kipimajoto. Akasoma: tisini na tano. Shabani akavua kofia. "Haiwezekani."

"Labda leo kilima kimechuchumaa, shemeji," nikamwambia. Nilifurahi mno.

Sasa hapa. Kila tukimaliza kupima, maji yale yale ndiyo tunayopikia chai. Miaka yote. Nilikumbuka chumvi, chai nikaisahau. Shabani akatia majani, akajimiminia, akapiga funda moja. Akasimama. Akanitazama. Nikajua amejua.

Akanywa kikombe chote, polepole, mpaka mwisho. Idi aliponyoosha mkono, Shabani akamwaga birika lote kwenye mawe. "Nzi kaingia, kaka." Kisha akanigeukia: "Umeshinda, shemeji."



Jumatano, 23 Julai

Shabani kautangazia ukoo mzima: "Shemeji alisema kweli, mimi ndiye niliyemkosea." Mkwe kaniletea kitenge cha kuniomba radhi.

Nilitaka aonje. Kaonja, kameza, na bado kasimama juu yangu. Siri yangu iko mfukoni mwake na watu wanamsifu kwa unyenyekevu. Namchukia kuliko siku ya harusi. Nikisujudu nauona uso wake na kile kikombe. Swala inakatika, naanza upya. Inakatika tena.

Ijumaa, 25 Julai

Chakula cha mchana kwa mama mkwe, ukoo wote. Nimesimama wakiwa wanakula.

"Yale maji ya Mlali nilitia chumvi. Shabani alijua, akanifichia."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama mkwe ndiye aliyesema, "Haya, kuleni, wali unapoa."

Idi sikumwangalia. Nilimwangalia Shabani. Sura ilimshuka kabisa. Hapo ndipo nikasikia ile raha niliyoifuata kule juu nikaikosa. Hana tena cha kunifichia.

Jumamosi, 26 Julai

Idi kala bila kuniangalia, ila kala.

Jioni Shabani kapita. Hakutaka kukaa.

"Ungeniachia wema wangu, shemeji."

"Sikuweza."

Kavaa kofia yake, kaenda zake. Hakuna aliyetaja kilima.

Upepo umetulia. Isha nimeiswali mara moja. Sikurudia.