Mbuzi wa Kwenye Televisheni

Sombetini, Arusha

Mdogo wangu Kokushubira,

Marahaba, maana najua hata kwa karatasi lazima uniamkie. Goti lako vipi? Na shemeji, bado anakohoa makusudi kila ukimtuma kisimani? Mimi mzima, isipokuwa moyo.

Eliamani amefariki. Ndiye yule mlevi, jirani yangu katika ule mchezo wetu wa kuchekesha wa televisheni, mimi nikiwa mwizi wa mbuzi wake. Huko Muleba mlicheka mkavunja viti. Sasa nikupe ya nyuma ya pazia. Yule mlevi alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, pombe hakuijua hata harufu. Kwenye chupa tulimtilia chai ya rangi iliyopoa. Viatu vya heshima vilikuwa jozi moja kwa sisi wawili. Ukimwona yeye kavaa, jua mimi nimesimama nyuma ya kochi, peku. Na vile vicheko vya kuvunja mbavu ni vya wapagazi wa soko, walioahidiwa soda. Mbuzi tulimwazima kwa mchinjaji, na siku ya mwisho tukamla. Eliamani aliombea chakula mpaka nyama ikaganda mafuta.

Basi nikapanda Meru kumzika, kwenye migomba ya baba yake. Zamu yangu ya kutia udongo ilipofika, dada yake mkubwa, kikongwe Mama Anaeli, akanishika mkono.

"Wewe hutii udongo hapa. Ulimwibia mbuzi ndugu yangu, na hukumwomba radhi."

"Mama, ule ulikuwa mchezo tu."

"Nilikuona kwa macho yangu. Tena ulikuwa unacheka!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Hata mchungaji aliinamia Biblia, mabega yakimtikisika. Nikataka kujiondokea zangu. Lakini ningemwachaje bila udongo wangu mtu niliyevaa naye kiatu kimoja miaka yote ile?

Huku wana jani refu liitwalo isale, hulipanda mipakani mwa mashamba. Mwenye kosa akikuletea kuomba msamaha, humkatai. Nikaenda mpakani nikalichuma. Kwa uzee wangu huu nikapiga magoti kwenye tope, nikaomba msamaha kwa ajili ya mbuzi ambaye sikumwiba. Vijana wote simu juu.

"Babu bado yumo mchezoni!" mmoja akapiga kelele.

Mama Anaeli hakucheka. Alilipokea jani kwa mikono miwili, akaniinua. "Haya. Sasa mzike mwenzako."

Kati ya umati ule wote wenye akili zao, aliyeniheshimu ni yeye peke yake, asiyejua lolote.

Nikatia udongo. Nikalia, Koku, kamasi na yote, kama siku tuliyomzika mama. Wakanipigia makofi.

Msalimie shemeji mvivu, dada yetu mtawa, na mwanao fundi redio. Video imeshasambaa, watakuletea tu. Wewe umenicheka tangu utotoni, nami nimekucheka zaidi, wala sina kinyongo. Ila hii, mdogo wangu, nakuomba usiicheke.

Kaka yako,
Felisiani