Neno la Herufi Saba

Ibra, Oman
Ijumaa, Mfunguo Tano

Dada yangu Zuwena,

Shikamoo dada, na shikamoo nyingine umfikishie mama, umbusu mikono yote miwili kwa ajili yangu. Barua yako nimeipata kwa yule jirani yenu aliyekuja kumtazama binti yake. Nimefurahi kusikia mama kafunguliwa macho na sasa anatunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Mwambie asianze na Msahafu wa hati ndogo, ule mkubwa niliomletea nimeuleta kwa kazi hiyo. Na goti lako je? Hukulitaja hata kwa neno moja, na miye nakujua, jambo linalokuuma ndilo unalolinyamazia. Niandikie ukweli.

Sisi huku miili yetu mizima, alhamdulillahi. Asma na Khalfani wanasoma, joto limeanza kupungua, tende za mwaka huu zilikuwa nzuri na fungu lenu nimeshalitia kwenye debe, nangoja mtu wa kuja huko.

Umeniuliza kanda ya video ya mchezo wa kumi. Unasema zile tisa mmeziangalia mpaka picha imeanza kutetemeka, na majirani wanakuja na watoto wao kumwona Rahma wa Mwembetanga akipiga hesabu kwenye televisheni ya Waarabu. Dada, ya kumi sikuletei. Ninayo, imo kabatini, lakini sitaki mtu wa nyumbani aione. Nitakueleza kwa nini, na nakuomba usimsomee mama yote.

Unajua kipindi kile kina miaka mingi, kilianza kabla sijaolewa. Wanakaa watu wawili wawili, mmoja wa maneno na mmoja wa hesabu, na mwenzako waweza kumsaidia kwa kikaratasi, lakini jibu analisema mwenye zamu. Wanatoa herufi tisa, mwenye neno refu zaidi ndiye peke yake anayepata pointi, moja kwa kila herufi. Kisha wanatoa namba sita, uzijumlishe na kuzizidisha mpaka uifikie namba wanayoitaka. Ukishinda unarudi wiki ya pili kukutana na wapya. Ukishinda mara kumi mfululizo unatoka bingwa asiyeshindwa, na picha yako inatundikwa ukutani pale studio Maskati. Kwa miaka yote hiyo zilikuwa zimetundikwa picha mbili tu.

Sisi tulianza kwa mzaha. Seif maneno, kwa kuwa yeye kakulia Kuwait na Kiarabu chake kinasikika kama maji. Miye hesabu. Kiarabu changu unakijua, nilikuja nacho cha chuoni, cha kusomea dua. Mwaka wa kwanza nilipoanza kufundisha hapa wanafunzi walikuwa wakiniiga ninavyosema, na walimu wenzangu wakiniita "Zinjibariya", yaani Mzanzibari, mbele ya uso wangu kama ndilo jina langu. Nilizoea. Hesabu haina lafudhi.

Miezi ile ya mazoezi, dada, ilikuwa mizuri kuliko miezi yote tangu harusi yetu. Seif akirudi kazini, tukisha kusali alasiri, anakaa mlangoni mwa jiko ananipangia namba, nami nakoroga sufuria namjibu. Kisha miye namchagulia herufi. Watoto ndio wasimamizi wa saa. Tukicheka mpaka mama yake Seif anauliza kutoka chumbani kwake kuna nini. Na kwa ajili ya Seif nikaanza kujifunza maneno. Nilinunua daftari, kila neno nililoliona kwenye gazeti, kwenye kopo la maziwa, kwenye mlango wa ofisi, naliandika na kuhesabu herufi zake. Nilifanya vile ili nimsaidie, wallahi, sikuwa na nia nyingine.

Mchezo wa tisa mmeuona. Mnakumbuka Seif alikwama, nikamsogezea kikaratasi, akalisoma neno langu na likakubaliwa. Mtangazaji akauliza, "Hili la nani?" Seif akasema kweli, "La mke wangu." Mtangazaji akasema, "Basi ustadhi, mwalimu amekupata." Watu wote wakacheka na kupiga makofi. Miye nikaona haya, nikainamisha kichwa, na ndani nimejaa furaha. Wale walioniita Zinjibariya wananiangalia nikitoa neno la Kiarabu ambalo Mwarabu hakuliona. Seif alicheka pia. Nimeirudia kanda ile mara nyingi sasa. Alicheka kwa meno tu.

Baada ya hapo mazoezi yakapungua. Leo kachoka, kesho kaalikwa kijijini Samad kwa ami yake. Sikutilia shaka. Nikajizoeza peke yangu, wiki nzima, mpaka Asma akaniambia, "Mama, umetia chumvi kwenye chai."

Siku ya mchezo wa kumi tulikutana na vijana wawili wa chuo kikuu. Hodari, lakini hesabu niliwaacha mbali. Walitaka mia sita na kumi na nne. Nilipoiona tu sabini na tano na nane zimekaa pamoja nikajua, sabini na tano mara nane mia sita, saba mara mbili kumi na nne, nikagonga kengele hata saa haijaanza kulia. Tukafika raundi ya mwisho, ya maneno, tuko mbele kwa pointi tatu. Nilikuwa naiona picha yetu ukutani.

Herufi zikatoka. Neno likanijia zima zima. Istiqbal. Mapokezi. Herufi saba kwa hati ya Kiarabu. Dada, neno hilo limeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya dirisha analokaa Seif ofisini kwake kila siku ya kazi. Ndipo nilipolitoa na kulitia daftarini, siku nilipompelekea funguo zake. Nikaliandika kwenye kikaratasi nikamsogezea. Nilimwona analisoma, macho yake yalipita kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Kisha akakiweka kiganja chake juu ya karatasi, akakikaza.

Mtangazaji akasema, "Ustadhi Seif?"

Akasema, "Herufi nne. Sibaq." Mashindano.

Wale vijana walikuwa na neno la herufi sita. Pointi sita zao dhidi ya sifuri yetu, wakatupita kwa tatu. Sikuelewa. Nilidhani limemtoka kichwani, nikamgusa mkono, akaurudisha mkono wake mapajani. Watu wakatupigia makofi ya kutuaga. Tulipewa maua.

Njiani kurudi, nikamuuliza, "Hukuliona neno langu?"

"Niliona. Sikuwa na hakika kama lipo."

Nikatazama milima. Mtu anayekaa chini ya neno mwaka wa kumi na moja huu, hana hakika kama lipo. Lakini nikajiambia, Rahma, mtu akibabaika husahau hata jina la mama yake, usimzidishie. Nikamwambia, "Si kitu. Tulifika mbali." Nikampa chungwa nililokuwa nimelimenya. Akalila.

Ijumaa ya pili yake walikuja ndugu zake na rafiki zake kula mchana. Nilikuwa napeleka kahawa, ninaiacha mlangoni pa majilisi, chumba cha wageni wanaume, kama kawaida. Mlango haukufungwa sawasawa. Nikasikia wanamtania, bingwa wetu umeangushwa na watoto. Seif akawajibu kwa Kiarabu, taratibu kabisa, kama anayeeleza habari ya gari, "Sikuangushwa. Neno lilikuwa mkononi mwangu. Mwanamke alishazidi, nikaliacha lipite." Mmoja akasema, "Umefanya la kiume." Wakacheka.

Nikaliweka birika chini. Vikombe sikuviweka, nilirudi jikoni navyo mkononi, na wao wakangoja vikombe mpaka wakachoka.

Nilikwenda kwa mavyaa wangu, mama yake Seif. Unajua ninavyompenda. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika nchi hii sijui hata kuomba maji dukani, na Kiswahili chake cha zamani ndicho kilichonizuia nisirudi kwetu. Alikuwa kitandani anachambua ndimu kavu. Nikamweleza niliyoyasikia, nikitegemea ataziba mdomo wake kwa mshangao. Aliendelea kuchambua.

"Kaa mwanangu," akanambia. "Alinambia kabla hamjaondoka."

"Alikwambia nini, mama?"

"Kwamba safari ile ndiyo ya mwisho, na kwamba hatashinda. Nikamwambia afanye lenye salama."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia, ungekwenda?"

"Nisingekwenda."

"Basi ndiyo hivyo. Na watu wangesema mmegombana."

Kwa hiyo dada, aliamua kabla. Wiki ile ninayojizoeza mpaka natia chumvi kwenye chai, yeye anajua. Asubuhi ile ananifungulia mlango wa gari, anajua. Na mama yake aliyetusomea dua kizingitini, anajua vilevile, na ile dua sijui alikuwa akiomba nini. Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa sijalia bado.

Wageni walipoondoka nilimkuta Seif anajifunga kilemba mbele ya kioo.

"Karatasi yangu uliisoma," nikamwambia.

"Karatasi gani?"

"Unaijua."

Akaacha kilemba. "Niliisoma."

"Na neno ulilijua."

"Nililijua."

Akaanza kujieleza kwa Kiarabu. Nikamwambia, "Sema Kiswahili, kwa Kiarabu unanizidi." Akasita, kwa sababu Kiswahili chake ni cha kuombea chai. Akasema, "Ofisini wananiita mume wa mwalimu. Wananiuliza, nyumbani pia anakusahihisha? Wewe wanapiga makofi, mimi wanacheka. Nilitaka kuisha."

"Ungenambia tuache. Baada ya ule wa tisa tungetoka kwa heshima yetu."

"Ungekubali?"

"Ningelia, kisha ningekubali. Wewe mume wangu."

Akakishika tena kilemba. Kisha akasema, "Mchezo tu ule, Rahma."

"Kama ni mchezo tu, ilikuwa tabu gani kuushinda?"

Alimaliza kilemba chake akatoka. Tangu siku hiyo tunaishi kwa adabu. Anauliza kama kuna kitu cha kununua, namtajia. Watoto hawajui, ila Khalfani aliuliza kwa nini hatuchezi tena, baba yake akamwambia, "Mama amechoka." Hata hilo kanipachika miye.

Usinifikirie vibaya, dada, wala usimwambie mtu kwamba nataka kuachika, sijalisema neno hilo na sijalifikiria sana. Seif hajanipiga, hajaninyima, hajaoa. Kwa mtu wa nje hakuna kitu cha kusimulia. Nikimwambia mwanamke yeyote wa hapa mume wangu kanikosea, atauliza kakufanya nini, nami niseme nini? Kasema neno fupi? Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe ulikuwepo tulipokuwa tukishindana kujumlisha namba za magari barazani, na ulikuwa ukinishinda, na siku nilipokushinda ulinibeba mgongoni ukanizungusha mtaa mzima. Nilidhani kila anayekupenda hufanya hivyo.

Sasa la mwisho, lililotokea Jumanne hii. Simu ya sebuleni ililia, Seif akaipokea. Ilikuwa studio. Wana kanuni kwamba walioangukia mchezo wa kumi wanaruhusiwa kurudi mara moja, kuanzia mwanzo, na wanaweza kubadilisha mwenzao. Nilikuwa napanga nguo, nikamsikia anasema, "Ahsante, lakini mke wangu hataki."

Niliweka shuka chini, nikaenda nikaichukua simu mkononi mwake. Hakuing'ang'ania. Nikasema kwa Kiarabu changu hichohicho, na makosa yake yote, "Mimi ndiye mke. Nataka. Nitakuja na mwingine."

Yule bibi wa studio akauliza jina la huyo mwingine. Sikuwa nimelifikiria. Wifi yangu Thuraya, mdogo wake Seif, anayesoma chuo hapa Ibra, alikuwa kwenye zulia anapiga pasi shela lake. Sasa pasi alikuwa ameiacha. Kiarabu chake ni bora kuliko cha kaka yake, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Nikamtazama. Akamtazama Seif, kisha akanitazama miye, akaitikia kwa kichwa. Nikalitaja jina lake.

Mavyaa hajasema kitu mpaka leo. Seif alisema, "Mtanifedhehesha." Thuraya ndiye aliyemjibu, si miye: "Basi usiangalie, kaka."

Tunakwenda baada ya wiki tatu. Thuraya na miye tunafanya mazoezi baada ya alasiri, jikoni palepale, na sikufichi, si kama zamani. Kuna wakati namba zinatoka na masikio yangu yanangoja sauti nyingine. Huenda tukaangushwa mchezo wa kwanza. Thuraya anatetemeka akiiona saa, na miye nimekonda. Si neno. Nikishindwa safari hii nitajua nimeshindwa kweli, na kanda nitawaletea hata hiyo.

Nisalimie mama, na umwambie tu kwamba mchezo wa kumi tulishindwa na watoto wa watu hodari. Msalimie shemegi yangu, baba watoto wako, mwambie redio aliyoitaka nimeiona, naulizia iliyo nzuri. Shangazi wa Malindi mpe mkono wangu, na mwalimu wangu wa hesabu kama bado anapita hapo dirishani, mwambie mwanafunzi wake anamkumbuka kwa heri. Watoto wote wabusu.

Seif kapita sasa hivi, kaona nakuandikia wewe. Alisimama kidogo kama anayetaka kusema neno, kisha kanituma nikusalimie. Nimekufikishia, kwa kuwa ni amana. Salamu hizo ni zake peke yake, miye zangu nimeshakupa.

Mdogo wako,
Rahma